Niling'oa Chuma cha Stima Nikafulia Nazi

Nianze na kosa lenyewe kabla ulimi haujaanza kunitetea, maana mie nikianza kujitetea hata hakimu hulia. Nimekosa! Sikutumwa na mtu, sikulewa, sikurogwa. Mchana kweupe, jua lanitazama, niliiba chuma.

Usinifikirie vibaya bado, ngoja kwanza. Si chuma cha reli wala nanga ya meli. Ni kijiti cha chuma, chembamba kama kidole gumba, kilichokuwa kimejisimamia zake ardhini nyuma ya nyumba ya watu bila ya kugombana na mtu. Na kwa kijiti hicho nusura nimzike msichana niliyekuwa nataka kumuoa.

Jina langu silitaji. Walio mtaani kwetu Bofu washanijua, na wasionijua wakae na amani yao.

Mie ni mtu wa nazi. Nazifua, naziuza, na ukiniomba kwa heshima nakukunia. Shule niliipita kama mtu apitavyo mlango wa watu asiowadai. Lakini njoo kwenye nazi! Wallahi, siku nikiamka vizuri nazi zikiniona zajivua makumbi zenyewe, zaogopa kunisumbua.

Napanga chumba cha uani hapa Likoni, kwa Bi Zainabu. Bi Zainabu ni mjane, mwili mkubwa, moyo mkubwa, na sauti, ah! Akimwita mwanawe kutoka ukumbini, ng'ambo ya pili kule kisiwani watu huitika "abee". Kazi yake ni mabarafu: ya ukwaju, ya ubuyu, ya embe, ayafunga kwenye vijifuko, ayagandisha, watoto wa mtaa mzima wapanga foleni. Kwa hivyo friji kwake si friji, ni mume wa pili. Hulipangusa kila asubuhi, hulisemesha, nasikia hata hulisalimu.

Na huyo mwanawe anayeitwa mpaka kisiwani ndiye Salma.

Salma nimuelezeje? Hucheka na macho kwanza, mdomo wafuata baadaye. Nikimuona nazi zaniponyoka mkononi. Nilikuwa nshamsemesha, naye hakukataa wala hakukubali, aliniambia neno moja tu: "Watume wazee." Neno hilo, ndugu zangu! Nililala nalo, nikaamka nalo, nikaoga nalo.

Basi hapo nikawa nataka nionekane mwanamume wa kazi. Na hapo hapo ndipo kifuo changu kikaamua kunitia aibu.

Kwa nyinyi msiotoka pwani, kifuo ni chuma ama mti wenye ncha. Wausimika ardhini, ncha juu, wabamiza nazi pale, waipinda hivi, kumbi latoka. Changu kilikuwa kipande cha nondo kilicholiwa na chumvi ya huku mpaka kikabaki urefu wa mkono wa mtoto, tena kimepinda kama mzee aliyeangusha sindano. Nilikuwa nimekipaka rangi ya samawati upande mmoja kisije kikaibwa. Tazama maajabu: mwizi ndiye aogopaye kuibiwa!

Siku moja kulikuwa na harusi kwa majirani, nikaagizwa nazi za wali na za kuchuzia. Rundo limenipita urefu. Nazi ya kwanza tu, kifuo kikalala chali. Nikakisimamisha, kikalala tena. Salma yuko dirishani anacheka, na safari hii mdomo ulitangulia macho.

Nikazunguka nyuma ya nyumba natafuta chochote chenye ncha. Jicho langu likaanguka chini ya boksi la mita. Chuma! Rangi ya shaba, chameta, kichwa chake kimechomoza mchangani, na kimefungwa waya wa kijani na manjano kama mtoto aliyevishwa hirizi.

Nikachutama nikakitazama. Nikajiuliza, hiki chafanya nini hapa? Feni ndani lazunguka. Taa zawaka. Friji languruma. Chenyewe kimekaa tu, hakizunguki, hakiwaki, hakingurumi. Nikasema huyu ni mgeni aliyesahau kurudi kwao, wacha nimsaidie.

Nikakifungua kile kibanio, nikamwaga maji, nikatikisa, nikavuta. Kikatoka. Kikazidi kutoka! Mamangu, kilikuwa kirefu, nikadhani mwisho wake naukuta Uchina, nisikie na Wachina wanauliza nani avuta. Na kule chini kabisa, ncha! Kali, imechongwa, kama fundi aliyekitengeneza alikuwa mfua nazi mwenzangu.

Ili ule waya usibaki wazi ukanishtaki, nikakichukua kile kifuo changu kizee, nikakidunga kwenye shimo lile lile, rangi ya samawati ikaenda chini, nikafukia, nikakifunga waya wake vizuri. Nikarudi nyuma nikatazama. Chuma kipo. Waya upo. Nani atajua?

Kile chuma cha shaba nikakigeuza ncha juu, nikakisimika mbele ya chumba changu, na ili kisitikisike nikakizungushia saruji. Ndugu yangu, nilifua nazi siku hiyo mpaka mwenye harusi akanituma mtu aniambie basi, yatosha, sufuria hazina nafasi. Bi Zainabu akatoka uani akakiona kifuo kipya.

"Chuma kizuri hicho, mwanangu. Umekitoa wapi?"

"Nimetumiwa, Bi Zainabu."

"Na nani?"

"Na mtu wa meli."

Hivyo tu. Ulimi wangu hauna breki, ndugu zangu, haukuzaliwa nayo.

Haikupita muda, asubuhi moja nasikia ndani, "Uuuwi!" Feri nadhani ilisimama katikati ya maji. Nikakimbia. Namkuta Bi Zainabu amesimama mbele ya friji, mkono ameukumbatia kama kifaranga.

"Lanitekenya!"

"Nani?"

"Friji! Nimelishika mlango, likanitekenya mpaka begani!"

Nami kwa ujinga wangu nikasema, "Bi Zainabu, umri huo na bado wapata wa kukutekenya? Shukuru Mungu."

Akanirushia upawa. Sikukwepa vizuri.

Tukacheka. Lakini kesho yake likamtekenya Salma. Kesho kutwa likamtekenya jirani aliyekuja kununua barafu. Na si kila mara! Hapo ndipo watu walipochanganyikiwa. Mwenye viatu alishika asisikie kitu, mwenye miguu mitupu akarushwa. Na nyinyi mwajua nyumba zetu za huku, nani aingia na viatu? Ndara zote mlangoni, ndani ni miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, na Bi Zainabu sakafu yake aipiga deki asubuhi na jioni. Yaani ni kama tulikuwa tumemwandalia stima kitanda na shuka.

Bi Zainabu akampigia simu fundi wake wa stima, Kadzo.

Kadzo ndiye aliyeweka nyaya za nyumba ile. Ni mwanamke, rafikiye Salma tangu shule, amesomea hiyo kazi chuoni, na mdomo ule sijui aliusomea wapi. Akaja na ovaroli lake na sanduku la vyombo, akazunguka nyumba, akafika chini ya boksi la mita. Mie niko uani nafua nazi, jicho moja kwenye nazi, jicho moja kwake. Akainama. Moyo wangu ukaacha kupiga ukaanza kupiga deki.

"Chuma cha athi kipo," akasema. "Waya upo. Umefungwa."

Nikapumua.

"Lakini," akasema, "macho yangu si mashine. Hii nyumba yataka kupimwa ardhi."

"Kupimwa ardhi?" Bi Zainabu akauliza. "Kwani nauza kiwanja?"

Kadzo akakaa kwenye kizingiti akamueleza, na nitawaeleza kama alivyosema, maana maneno yale yamenikaa kichwani kuliko Alhamdu. Akasema, "Mama, stima yatoka kwa waya mmoja na kurudi kwa mwengine. Huo ndio mwendo wake. Sasa friji lako ni zee, ndani waya umechubuka, stima yatoka nje ya njia yake yaingia kwenye bati la friji. Yatafuta ardhi. Kile chuma cha athi kule nyuma ndiyo njia ya kuipeleka ardhini. Njia ikiwa nzuri, stima yaporomoka kwa wingi, ule wingi ndio unaoishtua breka, ile swichi ya kujikata yenyewe, breka yakatika pa! Nyumba yazimika, nyote wazima. Njia ikiwa mbovu, stima yapita kidogo kidogo, breka haisikii kitu, haikatiki. Stima yabaki pale kwenye bati yangoja."

"Yangoja nini?"

"Yangoja mtu, mama. Mtu mwenye mikono ya maji na miguu mitupu. Huyo ndiye anayegeuka chuma cha athi."

Nazi ilikuwa mkononi mwangu. Ikabaki hapo. Nilielewa, wallahi nilielewa! Mie nisiyejua hata kujumlisha vizuri, siku ile nilijumlisha. Nilikitazama kifuo changu cha shaba kimesimama mbele yangu, na nikajua friji latekenya kwa sababu gani.

"Na hicho kipimo," Kadzo akaendelea, "chatazama mambo mawili. Ardhi yaipokea stima ama yaikataa? Na stima ikipotea, itakimbia kwa wingi wa kuitosha breka ikatike upesi, ama itazubaa? Kwa macho huwezi kuona. Chuma chaweza kusimama pale kizuri kama bwana harusi, na chini hakuna kitu."

Kama bwana harusi! Nilidhani ananitazama mie.

Hapo ndipo penyewe. Hapo ndipo kosa langu lilipotoka kwenye wizi wa kijinga likawa dhambi. Ningesema tu, "Bi Zainabu, nisamehe, chuma ni hiki hapa." Angenirushia upawa mwengine, basi. Lakini posa yangu imepangwa, Ami yangu Mbarak keshashona kanzu, chuma kimo ndani ya saruji, na nshasema nimetumiwa na mtu wa meli!

Nikainuka, nikacheka kicheko kikubwa.

"Kadzo, kwani stima nayo yapimwa kama presha? Fundi akishindwa na kazi yake hutafuta mashine ya kusingizia."

Bi Zainabu akacheka. Jirani aliyekuwa akichungulia ukutani akacheka. Kadzo uso ukambadilika.

"Weye mfua nazi, nani amekuuliza?"

"Nyumba taa zinawaka, feni lazunguka, wataka kutoboatoboa ua wa watu. Bi Zainabu, dawa ninayo mie!"

Nikakimbia chumbani kwangu, nikarudi na ndara zangu za samawati, zile za mpira, nikazipanga mbele ya friji kwa adabu kama za bibi harusi. "Hizi hazitoki hapa. Mtu akitaka friji, avae kwanza. Raba haipitishi stima. Kwisha!"

Bi Zainabu akavaa, akashika friji kwa mikono miwili, kimya. Akalishika tena. Kimya! Akapiga kigelegele. "Mwanangu una akili weye! Kadzo mwanangu, nenda zako, nikikutaka n'takuita."

Kadzo akafunga sanduku lake. Akaniangalia kwa muda, akaziangalia ndara. "Haya," akasema. "Siku ndara zikikosekana, mtanipigia. Lakini msinipigie mkilia."

Lo! Nilisifiwa wiki hiyo. Mtaa mzima wasema, mkwe wa Bi Zainabu ana kichwa. Salma mwenyewe aliniambia, "Kumbe wajua mambo." Nikavimba nikakosa mlango wa kupitia. Lakini usinione nacheka, kila nikibamiza nazi juu ya kile chuma kilikuwa kikilia ting! na mie ndani yangu nasikia: rudisha. Ting! Rudisha. Nikawa nafua nazi huku naimba kwa sauti nisikisikie.

Ikafika siku ya posa.

Ami Mbarak ni nduguye marehemu babangu, mtu wa kanzu nyeupe na maneno ya taratibu. Nikamvuta pembeni kabla hajaingia na wazee wenziwe.

"Ami, nakuomba kitu. Usivue viatu."

"Ebo! Niingie nyumba ya watu na viatu, nilelewe na nani mie?"

"Basi usiguse friji."

"Kwani nimekuja kuposa friji?"

Akavua makubadhi yake akaingia. Mie desturi hainiruhusu kukaa kwenye posa yangu mwenyewe, lakini naishi hapo hapo, wangenipeleka wapi? Nikakaa uani mbele ya kifuo, nimevaa ndara nyengine, najifanya nafua nazi, masikio yamevuka dirisha yamekaa ndani kwenye mkeka na wazee.

Mambo yakaenda vizuri! Ami akaanza na Mtume, akaja kwenye ujirani, akanisifu sifa ambazo hata mie sikumtambua huyo anayesifiwa. Bi Zainabu akajibu kwa sauti laini, sauti ambayo sikujua anayo. Kisha nikasikia, "Salma! Waletee wageni maji ya ukwaju."

Mlango wa uani ulikuwa wazi, nikamuona. Ametoka kuosha magilasi, mikono yachuruzika maji. Dera la maua. Akawa aelekea kwenye friji. Na mbele ya friji nikaona sakafu, inang'aa, imetoka kupigwa deki.

Sakafu tupu.

Ndara hazipo!

Bi Zainabu, masikini, wageni waja, aweke mandara machakavu katikati ya ukumbi? Alikuwa amezificha chini ya kitanda. Na Salma siku hiyo akili yake iko kwenye posa, haiko miguuni.

Nilifungua mdomo kupiga kelele. Mkono wake ulifika kwanza.

Hakupiga ukelele. Hilo ndilo silisahau. Sie tuliozoea "uuuwi", yeye alinyamaza. Mkono umeganda kwenye mlango wa friji, mwili wote watetemeka kama bati la lori, macho yamenitazama mie moja kwa moja. Yale macho yanayocheka kwanza.

Ami alikuwa ameshainuka amshike. "Ami, usimguse!" Sijui nilipaza sauti gani, ila alisimama. "Zima swichi kubwa! Ile ya juu!" Ami akazima feni. Akazima taa. Akawasha feni. Masikini mzee wangu, ukuta mzima ulikuwa swichi na hajui ipi.

Karibu yangu ilikuwepo mbuzi ya kukunia nazi, ile ya mbao. Nikaiokota, nikaingia ndani na ndara zangu juu ya sakafu ya watu, nikausukuma mkono wake kwa ule ubao kwa nguvu zote za nazi nilizofua maishani. Mkono ukaachia. Salma akaanguka, na kichwa chake kikaangukia kwenye kanzu mpya ya Ami.

Hapo nilisahau utani wote. Wallahi sikuwa na hata mmoja.

Alikuwa anapumua. Tulimkimbiza hospitali na tuktuk, mie nimekaa nimening'inia nje kama mzigo. Madaktari wakamtazama moyo, wakamfunga kiganja kilichoungua, wakasema alale hapo chini ya macho yao. Bi Zainabu alikaa kwenye benchi ya nje, ile sauti yake yote imekwisha, anasema polepole kama mtoto: "Ni Kadzo. Kadzo ametaka kuniulia mwanangu. Alifunga stima mbovu. Nitamshtaki, asiguse tena waya wa mtu."

Na mie nilikuwa nimekaa kando yake. Nikasema nini? Nikasema, "Nyamaza Bi Zainabu, shukuru Mungu."

Basi! Hilo ndilo nililosema. Nimewahi kutunga uongo wa kila rangi, lakini uongo mbaya kuliko wote nilioutoa ni huo wa kunyamaza.

Kulipopambazuka nimesharudi nyumbani, nikasikia Kadzo anakuja na mashine yake, ameitwa ama amejileta sijui, na Salma karuhusiwa, arudishwa nyumbani. Nikasema, sasa au kamwe, nikirudishe kile chuma kabla hajafika! Nikakivamia kifuo. Nikakivuta. Saruji! Nikakitikisa, nikakipiga teke, nikakikumbatia kama ndugu aliyetoka safari. Hakisogei! Kazi niliyoifanya maishani ikadumu ni ile moja tu, kukisimika kifuo kile.

Nikageuka, nakuta watu wamesimama wananitazama. Bi Zainabu. Ami. Majirani ukutani. Salma kwenye kizingiti, mkono umefungwa bandeji nyeupe.

"Wafanya nini?" Ami akauliza.

"Mazoezi," nikasema.

Kadzo naye keshafika, akatoa kisanduku chake cha kupimia, akachomeka vijiti viwili vidogo ardhini, kimoja hapa, kimoja kule mbali, akavuta nyaya, akaunganisha kwenye waya wa kijani na manjano. Akabonyeza. Akaisoma mashine. Akabonyeza tena.

"Mama, njoo utazame."

"Mie sijui kusoma hiyo."

"Haina haja. Yasema hapa hakuna ardhi. Hiki chuma ni kama kimeegemezwa hewani." Akakikamata kile kichwa cha chuma kwa vidole viwili, akavuta. Kikatoka kama muhogo wa mchanga. Kifupi. Kimepinda. Kina nyuzi za makumbi zimekishika bado.

Na upande wa chini, rangi ya samawati.

Bi Zainabu akavaa miwani yake, akakisogeza karibu. "Hiki," akasema, "nakijua."

Kisha vichwa vyote, kimoja kimoja, vikageukia mlango wangu. Pale kilipo chuma cha shaba kinameta kwa jua la asubuhi, ncha juu, na juu ya ncha imechomwa nazi niliyoiacha jana yake nikikimbia.

"Mtu wa meli," Bi Zainabu akasema.

Nikapiga magoti. Nikasema yote, tangu harusi ya majirani mpaka ndara mpaka kwenye benchi ya hospitali. Nilisema na Kadzo hana kosa, alitaka kupima, mie ndiye niliyemcheka. Ami alikaa juu ya mbuzi yangu ya nazi akashika kichwa. "Nimekwenda kuposa," akasema, "nimerudi na presha."

Nilingoja upawa. Upawa haukuja, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Salma ndiye aliyesema. "Siku ile Kadzo alipoeleza, ulielewa?"

"Nilielewa."

"Na ukaleta ndara."

"Nikaleta ndara."

Akaingia ndani.

Kadzo aliivunja saruji kwa nyundo mbele yangu, kila pigo nalisikia kwenye meno. Akakirudisha chuma kwao, akakipigilia mpaka kikafika kwenye mchanga wenye unyevu, maana alisema huku juu mchanga mkavu hauipokei stima, na kifuo changu kilikuwa juu juu tu, kama mie mwenyewe. Akaongeza na breka nyengine, yenye masikio makali, hata stima ikipotea chembe yaisikia yakatika. Friji likatengenezwa. Akapima tena, safari hii mashine ikasema maneno mazuri. Kisha akafanya kusudi stima ipotee kidogo, na ile breka ikakatika kabla sijapepesa jicho. Pa! Nimekaa na sauti hiyo mpaka leo, ni tamu kuliko kigelegele.

Mimi je? Jina la mtaani nimelipata: Athi. Nikipita watoto waita, "Athi, umeiba nini leo?" Nafulia mti sasa, wa mkwaju, nimeuchonga mwenyewe. Wavunjika kila mara. Acha uvunjike!

Basi nawaambia nyinyi mnaonisoma na kucheka. Ukiona nyuma ya nyumba chuma kimefungwa waya wa kijani na manjano, hakifanyi kitu, hakisemi kitu, kipe salamu upite. Kinangoja siku moja tu. Na bomba likikutekenya, friji likikutekenya, usilitanie kama nilivyofanya, na usivae ndara ukaona umepona. Mwite fundi aje na mashine apime, na akisema "kipo, nakiona," mwambie hata mfua nazi wa Likoni alikiona.

Na posa yangu? Nilimuuliza Bi Zainabu. Akaniambia, "Posa yako nimeiweka kwenye friji. Haijaoza, lakini sijaamua kuipika."

Salma bado hajanijibu. Ila Ijumaa baada ya sala hunifungulia mlango. Navua viatu. Huleta kata ya maji, anaimwagia miguu yangu hapo hapo ukumbini, kwa ule mkono wenye kovu, taratibu. Kisha huninyooshea kidole kwenye friji.

Nami nalishika. Mikono miwili, miguu mitupu, nimefumba macho nasoma kila sura niijuayo. Halitekenyi. Nikifumbua macho namtazama usoni, na wiki iliyopita, wallahi siongezi chumvi hapa, macho yake yalianza kucheka.

Mdomo naungoja.